Trekta Dogo: Jinsi ya Kulichagua na Kulisafirisha

Mtu atakaye kununua ng'ombe wa kulimia hamchagui kwa urefu wa pembe wala kwa uzuri wa rangi. Humtazama kwato, mabega na mwendo wake. Humwuliza mwenye kumwuza kama mnyama amekwisha zoea nira. Tena hufikiri njia ya kumfikisha nyumbani kabla ya kutoa fedha. Trekta nalo ni vivyo hivyo. Wako watu waliotoa akiba ya miaka mingi kwa sababu chombo kilipendeza machoni, kisha kikakaa chini ya mwembe kikala kutu. Wengine waliona hakifai shamba lao, na wengine kiliwaharibikia njiani hata kabla ya kulima tuta la kwanza. Katika somo hili tutajifunza mambo mawili: kwanza, jinsi ya kuchagua trekta dogo; pili, jinsi ya kulichukua salama mpaka shambani.

1. Nguvu za Trekta

Nguvu za trekta hupimwa kwa hesabu ya farasi. Aliyeanzisha kipimo hiki ni James Watt, fundi wa Uskoti aliyezaliwa mwaka 1736. Alitaka kuwaonyesha wanunuzi kazi ambayo mashine zake za mvuke zingeweza kufanya badala ya farasi. Nguvu ya farasi mmoja ni karibu sawa na kuinua mzigo wa kilo 75 kwenda juu mita 1 katika sekunde 1. Mtu mzima akifanya kazi kutwa hutoa kama sehemu ya 10 tu ya nguvu hiyo. Jozi ya maksai wenye afya hutoa nguvu ya farasi mmoja, au kupita kidogo. Trekta dogo tunalolisema hapa ni lile lenye nguvu za farasi 20 hivi mpaka 50.

Lakini nguvu peke yake haitoshi. Zamani trekta liliburura plau kwa mnyororo, kama ng'ombe aburutavyo. Plau ikinasa katika kisiki, magurudumu ya nyuma huendelea kuzunguka, na trekta huinua kichwa chake juu na kumwangukia dereva. Harry Ferguson, mzaliwa wa Ayalandi (1884–1960), alitafuta dawa ya jambo hili. Alitengeneza mikono mitatu nyuma ya trekta, nayo huinuliwa kwa nguvu ya mafuta yaliyobanwa ndani ya bomba. Kwa mikono hiyo plau na trekta huwa kama kitu kimoja, na uzito wa plau huyakandamiza magurudumu yakashika ardhi barabara. Basi trekta jepesi likaweza kufanya kazi ya trekta zito.

Trekta lake lililoitwa TE20 lilitengenezwa katika mji wa Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 mpaka 1956, nayo yalipita 500,000. Tarehe 4 Januari 1958 Edmund Hillary wa New Zealand na wenzake walifika Ncha ya Kusini ya dunia wakiendesha matrekta ya namna hiyo juu ya theluji. Hata leo karibu kila trekta dogo lina mikono mitatu mgongoni.

2. Somo la Kongwa

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika. Kusudi lilikuwa kulima ekari zaidi ya milioni 3, na mahali pa kwanza palikuwa Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Siku zile, baada ya vita, matrekta mapya yalikuwa adimu. Kwa hiyo yalinunuliwa makuukuu, mengine kutoka katika akiba za majeshi huko Ufilipino. Yaliletwa kwa meli mpaka Dar es Salaam, na safari ya bara ilikuwa ya shida, hata mafuriko yaliharibu njia ya reli.

Matrekta yalipofika, mengi hayakudumu. Mibuyu na vichaka viliyashinda. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Mvua zikikatika hukauka ukawa mgumu kama tofali, ukazila plau. Wagogo walijua tangu zamani ya kuwa nchi yao ni ya mvua chache. Vipuri havikutosha, wala mafundi hawakutosha. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na kiasi cha paundi milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Je, matrekta yale hayakuwa na nguvu? La, mengine yalikuwa na nguvu nyingi sana. Walakini nguvu haikupatana na udongo, safari haikupatana na njia, na mashine hazikupatana na hesabu ya mafundi. Wahenga walisema: Kamba hukatikia pembamba. Fedha zilizopotea Kongwa zilikuwa za dola kubwa, na dola ile iliendelea kuishi. Wakulima 20 wa kijiji kimoja wakikosea namna hiyo, watoto wao watakosa karo.

3. Maswali ya Mnunuzi

Kabla ya kununua, mnunuzi na ajiulize maswali haya.

La kwanza: Shamba langu likoje? Udongo wa kichanga hulimika kwa trekta jepesi. Udongo mzito wa mfinyanzi hutaka uzito zaidi na magurudumu manne yanayosukuma yote, maana trekta jepesi litazunguka mahali pamoja. Wala asidhani kwamba uzito zaidi ni bora sikuzote. Trekta zito likipita katika udongo mbichi huushindilia, na mizizi hushindwa kupenya. Katika mashamba ya kahawa au machungwa, trekta lazima liwe jembamba lipite kati ya safu. Na kwenye miteremko mikali ya milima, jembe la mkono lingali ndilo chombo cha akili. Trekta mahali pale ni hatari tupu.

La pili: Nina kazi gani kwa mwaka mzima? Kulima peke yake ni kazi ya majuma machache. Trekta huleta faida likivuta tela la mavuno, likisukuma pampu ya maji, likipukuchua mahindi. Kwa kazi hizo kuna mhimili wa nyuma unaozunguka, na kwa desturi huzunguka mara 540 kwa dakika. Mnunuzi atazame kama mhimili huo na ile mikono mitatu vinapatana na vyombo alivyo navyo au atakavyonunua.

La tatu: Nani atalitengeneza? Trekta la sifa nyingi ambalo vipuri vyake havipatikani katika mji wa karibu halifai kitu. Ni heri trekta la kawaida ambalo fundi wa wilaya amekwisha lifungua mara nyingi.

La nne: Kama ni kuukuu, limefanya kazi kiasi gani? Umri wa trekta huhesabiwa kwa saa za kazi, si kwa kilometa, na iko saa maalumu ya kuzionyesha. Lakini saa yaweza kuharibika au kubadilishwa; kwa hiyo tazama pia kanyagio za miguu kama zimelika. Liwashwe likiwa baridi, maana injini iliyokwisha pashwa moto huficha magonjwa yake. Moshi wa buluu huonyesha ya kuwa injini inakula mafuta yake ya kulainishia. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia ndani. Mwisho, inua plau kwa ile mikono mitatu, uzime injini, ungoje. Ikishuka upesi, kuna mahali mafuta yanapovuja.

La tano: Je, lina tao la chuma nyuma ya kiti? Tao hilo humlinda dereva trekta likipinduka, mradi amefunga mkanda asirushwe nje. Nchi ya Uswidi iliamuru mwaka 1959 kwamba kila trekta jipya liwe na kinga ya namna hiyo, na vifo vikapungua sana. Trekta huweza kupinduka kwa muda mfupi kuliko pumzi moja. Dereva hana nafasi ya kuruka.

4. Hesabu ya Mzigo

Sasa tuseme wakulima wa kijiji wamekwisha chagua trekta lao mjini, na shamba liko kilometa 90. Kuliendesha lenyewe njia kuu ni safari ya saa nyingi, tena ni hatari, kwa kuwa magari huja nyuma yake kwa kasi kuu. Wanaazima gari dogo la mizigo na tela. Mwenye gari asema, "Gari langu huvuta kilo 2,000. Trekta hili lina kilo 1,100 tu. Haya, twende!"

Methali moja yasema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi na tuupime mzigo huo kwa kalamu kabla ya kuudharau.

Trekta lenyewe: kilo 1,100.
Maji yaliyotiwa ndani ya matairi ya nyuma ili yashike ardhi, lita 100 kila tairi: kilo 200.
Mikono ya mbele na beleshi lake la kuchotea udongo: kilo 350.
Plau: kilo 250.
Tela lenyewe: kilo 800.
Jumla: kilo 2,700.

Gari limezidiwa kwa kilo 700. Bila shaka litaweza kuondoka, hata litapanda kilima kwa kunguruma. Hatari iko kwenye kushuka. Breki zilizotengenezwa kwa mzigo mdogo hupata moto, kisha huacha kushika. Tena yafaa kukumbuka kanuni hii: mwendo ukizidishwa mara mbili, nafasi itakiwayo ili breki zisimamishe gari huzidi mara nne. Wenye hekima wataazima lori, au watafanya safari mbili.

5. Kupakia na Kufunga

Urefu wa vyuma vya kupandia si jambo dogo. Sakafu ya tela ikiwa juu sentimeta 80, na vyuma vina urefu wa mita 2, trekta litapanda sentimeta 40 katika kila mita. Vyuma vya mita 4 hupunguza mwinuko huo kwa nusu. Mwinuko ukiwa mkali, magurudumu ya mbele huweza kunyanyuka. Kama vyuma ni vifupi, tafuta ukingo wa ardhi ulio karibu sawa na sakafu ya tela. Gari la kuvuta lifungwe kwanza na kuzuiliwa kwa magogo. Trekta lipande kwa gia ya chini kabisa, beleshi likiwa chini. Mtu asisimame nyuma yake wala kando ya vyuma.

Juu ya tela, uzito mwingi uwe mbele kidogo ya mhimili wa magurudumu. Kipimo kizuri ni kwamba ndoano ya gari ichukue sehemu 10 mpaka 15 katika kila 100 za uzito wa tela na mzigo wake. Katika mfano wetu ni kilo 270 mpaka 405. Uzito ukikaa nyuma, tela litapunga huku na huku kama mkia, na dereva hataweza kulituliza. Uzito ukipita kiasi mbele, mgongo wa gari hudidimia, na usukani huwa mwepesi usitii.

Kisha funga kwa minyororo minne, miwili ikivuta mbele na miwili ikivuta nyuma. Ishikwe kwenye mwili wa trekta, kamwe isishikwe kwenye vyuma vyembamba vya usukani. Beleshi lishushwe mpaka sakafuni, breki ivutwe, injini izimwe, magurudumu yawekewe vizuizi. Baada ya kilometa chache simama uikaze tena minyororo, maana matairi hutulia kwa mtikisiko na minyororo hulegea.

Na neno hili ni lenu, wanafunzi. Trekta halina nafasi ya abiria. Asiketi mtu juu ya bamba la gurudumu, wala juu ya plau, wala juu ya trekta lililo juu ya tela, hata kama dereva ni mjomba wenu na safari ni fupi. Gurudumu la nyuma likimkanyaga mtoto, dereva hasikii kitu.

6. Mwisho

Injili ya Luka ina mfano wa mjenzi aliyeanza mnara pasipo kuhesabu gharama, akachekwa na majirani. Kuhesabu si woga. Wakulima wanaojua udongo wao, na kazi zao, na fundi wao, na uzito wa mzigo wao, watafika shambani bila kelele nyingi, na mvua ya kwanza itawakuta tayari. Ninyi mjuao hesabu, wapimieni wazee wenu mzigo siku hiyo.

Maswali
1. Kwa nini mikono mitatu ya Ferguson iliweza kulifanya trekta jepesi lifae?
2. Taja mambo matatu yaliyoharibu kazi ya matrekta huko Kongwa.
3. Trekta lina kilo 900, haro kilo 200, tela kilo 600. Gari lavuta kilo 1,500. Je, latosha? Onyesha hesabu yako.
4. Eleza maana ya methali "Kamba hukatikia pembamba" kwa mfano wa safari ya trekta.