SOMO LA HESABU NA UFUNDI: KUPIMA SHAFTI YA MASHINE

Fungueni madaftari yenu.

Shafti ni chuma kirefu cha mviringo, kama mchi, kinachozunguka ndani ya mashine. Mashine ya kusaga mtama ina shafti. Hata magurudumu ya gari-moshi lipitalo Saranda, katika Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912, yameshikwa na chuma cha namna hiyo, nacho huitwa ekseli.

Fikirini mstari usioonekana upitao katikati ya shafti, toka ncha hata ncha. Huo ndio mhimili. Shafti iliyonyooka huzunguka na mhimili wake umetulia. Iliyopinda, mhimili huyumba. Hapo mashine hutetemeka, beringi hupata moto na kuharibika. Mwenye mashine hununua beringi mpya kila mara, na ugonjwa wenyewe haujapona. Na kina mama waliotoka mbali na debe la mtama hurudi bila unga.

Je, jicho halitoshi? Halitoshi. Tazameni fundi afanyavyo.

Kwanza, huzima injini na kuvua ukanda, ndipo aitoe shafti.

Pili, huifuta, akailaza juu ya vyuma viwili vyenye mfuo kama herufi V, juu ya meza ya chuma iliyo sawasawa.

Tatu, husimamisha saa ya kupimia. Saa hii haihesabu muda. Ina mshale, na kijiti kinachogusa shafti. Katika saa nyingi, alama moja ndogo ni 0.01 ya milimita. Unywele mmoja wa mtu una unene wa alama 5 mpaka 10 hivi.

Nne, huizungusha shafti polepole kwa mkono, mzunguko mzima, akaandika namba ndogo na namba kubwa. Huanza karibu na vile vyuma vya V. Mshale ukicheza pale, shafti imelika au si mviringo kamili. Ukitulia pale, lakini ukacheza katikati, shafti imepinda.

Sasa hesabu. Namba ndogo ni 0.02, kubwa ni 0.22. Toeni: 0.20. Gawanyeni kwa 2: 0.10. Mhimili umetoka mahali pake kwa 0.10 ya milimita. Kwa nini tunagawanya? Kwa sababu upande uliopinda huinuka, na baada ya nusu mzunguko hushuka kiasi kile kile. Saa imehesabu mara mbili.

Kiasi kinachoruhusiwa si kimoja kwa mashine zote; kisomeni katika kitabu cha mashine.

Basi ukiambiwa ununue shafti mpya, omba kwanza kuonyeshwa mshale, uandike namba mwenyewe. Ajuaye kusoma namba hapotezi fedha yake ovyo.

Swali: Namba ndogo ni 0.05, kubwa ni 0.17. Mhimili umetoka kiasi gani? Leteni jibu darasani. Kwaherini.