Leza Isiyo na Vioo

Usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wa Mwanza huwasha taa juu ya Ziwa Victoria ili kuwavuta samaki. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni taa za diodi zenye betri. Diodi huundwa kwa nusu-kipitishi, yaani maada ambayo upitishaji wake wa umeme waweza kutawaliwa. Ndani yake, elektroni inapoangukia katika tundu, yaani nafasi iliyo wazi, nishati yake hutoka kama nuru.

Nuru ya diodi ya kawaida hutawanyika. Ili kuwa leza, nuru hurudishwa mara nyingi ndani ya maada, ikichochea elektroni nyingine kutoa nuru iliyo sawa nayo. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na vioo viwili vinavyotazamana. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanafizikia wa Kisovieti Vladilen Letokhov alieleza kuwa chembe nyingi zilizotapakaa bila mpangilio zaweza kuirusharusha nuru hata ikuzwe vya kutosha. Mwaka 1999, Hui Cao na wenzake nchini Marekani waliichunguza leza ya namna hiyo katika unga wa oksidi ya zinki. Nuru yake ilikuwa ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, yenye urefu wa wimbi wa karibu nanometa 380.

Hata hivyo, unga huo uliendeshwa kwa leza nyingine. Kutumia umeme ni kugumu zaidi, kwa kuwa diodi huhitaji tabaka lenye elektroni za ziada na tabaka lenye matundu. Oksidi ya zinki hupata elektroni kwa urahisi, lakini matundu kwa shida.

Tena, ili kuua vijidudu vya maji huhitajika nuru ya karibu nanometa 260, inayoharibu DNA yao wasiweze kuzaana. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, waliendesha kwa umeme leza ya nanometa 262, iliyotengenezwa kwa nyuzi nyembamba mno za nitridi ya aluminiamu na galiamu. Lakini ilifanya kazi katika baridi ya nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri, kwani joto huzidisha upotevu wa nishati isiyogeuka nuru.

Kwa kusafisha maji, diodi za urujuanimno zisizo leza zimekwisha kuanza kutumika. Hata hizo haziwezi kufaa kitu katika maji ya Ghuba ya Mwanza yenye tope na mwani yasipochujwa kwanza, kwa maana nuru isiyomfikia kijidudu haimdhuru.