Kabla ya Maua na Nywele Ndefu

Mtaje kijana wa Marekani wa miaka ya 1960, na watu wengi watamwona hipi: nywele hadi mabegani, shanga shingoni, ua mkononi, gitaa mgongoni. Picha hiyo si ya uongo, ila imeifunika nyingine iliyoitangulia kwa miaka saba. Ni ya vijana wanne weusi, nguo zao nadhifu, wameketi mbele ya kaunta ya chakula wakisubiri kahawa ambayo hawakuletewa. Nimefundisha historia hii kwa muda wa kutosha kujua kwamba ukianzia kwa mahipi, hutaelewa hata mahipi wenyewe.

Ilikuwa Jumatatu, Februari 1, 1960, mjini Greensboro, North Carolina. Ezell Blair Jr., David Richmond, Franklin McCain na Joseph McNeil, wote wa mwaka wa kwanza chuoni, waliingia katika duka la Woolworth. Kwanza walinunua vitu vidogo vidogo, dawa ya meno na kadhalika, wakatunza risiti. Kisha wakaenda kuketi kwenye kaunta ya chakula, ambako mtu mweusi hakuruhusiwa kukaa. Risiti zilikuwa ndiyo hoja yenyewe: duka hilihili limepokea pesa yangu upande ule, kwa nini upande huu isipokelewe? Walikaa mpaka duka likafungwa. Kesho yake wakarudi na wenzao, na kabla ya wiki kwisha walikuwa mamia. Julai 25 duka lilisalimu amri, na watu weusi wa kwanza kuhudumiwa kwenye kaunta ile walikuwa wafanyakazi wa duka lenyewe.

Ujasiri wa namna hii husimuliwa kana kwamba ulizuka asubuhi moja. Nenda Nashville, Tennessee, utaona ulivyotengenezwa. Tangu 1959, mchungaji kijana aitwaye James Lawson, aliyewahi kufungwa jela kwa kukataa kwenda vitani Korea na baadaye akaishi India akijifunza mbinu za Gandhi, alikuwa akiwakusanya wanafunzi kanisani kwa mazoezi. Walipangiana zamu. Mmoja anaketi akijifanya mteja, wenzake wanamtukana, wanampulizia moshi wa sigara usoni, wanamvuta hadi anaanguka kutoka kitini. Kazi yake ni kutorudisha pigo, kujikunja ili kukinga kichwa, na kuinuka kuketi tena. Walirudia na kurudia, mpaka mwili ukazoea kutii kabla hasira haijapanda. Darasani humo walikuwemo Diane Nash na John Lewis. Mei 1960 kaunta za Nashville zilifunguliwa.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, wikendi ya Pasaka, vijana hawa walikutana katika Chuo Kikuu cha Shaw, Raleigh. Aliyewaita ni Ella Baker, mama wa miaka 56 aliyekuwa amefanya kazi katika vyama vya haki za watu weusi kwa miongo miwili. Wakubwa wa harakati walitaka vijana wawe tawi la jumuiya ya Martin Luther King. Baker alikataa. Aliwashauri waunde chombo chao wenyewe, akawakumbusha kwamba shabaha ni kubwa kuliko haki ya kula mkate wenye nyama kwenye kaunta. Hapo ikazaliwa Kamati ya Wanafunzi ya kuratibu harakati zisizo za vurugu, SNCC, ambayo wenyewe waliitamka “Snik”. Kwa Baker, watu wenye nguvu hawahitaji kiongozi mwenye nguvu. Wanahitaji mtu wa kukaa nao mpaka waione nguvu yao. Kwa maoni yangu, hakuna wazo lililozaa zaidi katika Marekani ya karne ile.

Aliyelichukua wazo hilo na kulipeleka mahali pagumu kuliko pote ni Bob Moses, mwalimu wa hisabati aliyezaliwa Harlem mwaka 1935. Alikwenda Mississippi. Huko mtu mweusi aliyetaka jina lake liingie katika daftari la wapiga kura alipewa fomu yenye maswali 21. Alitakiwa kunakili kifungu cha katiba ya jimbo alichochaguliwa na karani, kisha aeleze maana yake kwa maandishi. Katiba ilikuwa na vifungu zaidi ya 280, na aliyeamua kama maelezo yametosha ni karani huyohuyo, peke yake. Tangu 1962 sheria iliongeza kwamba jina la kila mwombaji lichapishwe gazetini kwa wiki mbili. Yaani mwenye shamba, mwenye nyumba na mwenye bunduki wote walijua ni nani aliyethubutu.

Moses na wenzake walipita nyumba kwa nyumba. Walipanda kwenye baraza, wakabisha hodi, wakakaa. Moses alikuwa mpole wa sauti, mwenye kuuliza swali kisha akanyamaza hata dakika nzima akingoja jibu. Mwaka 1961 alipigwa kichwani hadi akavuja damu alipokuwa akiwasindikiza watu kwenda kujiandikisha, na bado siku hiyo akaendelea na safari hadi kwa karani. Mwezi uliofuata Herbert Lee, mkulima mweusi aliyekuwa akiwasaidia, alipigwa risasi mchana kweupe na mbunge wa jimbo, ambaye hakuadhibiwa.

Agosti 1962 Fannie Lou Hamer, mfanyakazi wa shamba la pamba mwenye umri wa miaka 44, alihudhuria mkutano kanisani na kusikia kwa mara ya kwanza kwamba ana haki ya kupiga kura. Agosti 31 alipanda basi pamoja na wenzake kwenda kwa karani mjini Indianola. Alishindwa mtihani. Jioni aliporudi, mwenye shamba ambako alikuwa amefanya kazi miaka 18 alimwambia aondoe ombi lake au aondoke. Akaondoka usiku uleule. Miaka miwili baadaye alikaa mbele ya kamera za televisheni katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic akisimulia alivyopigwa katika jela ya Winona, Mississippi, na Rais Johnson aliitisha haraka mkutano na waandishi ili kamera zimwache mama huyo. Vituo vilirudia kuonyesha maneno yake jioni, na nchi nzima ikamsikia.

Afrika Mashariki haikuwa mbali. Desemba 1963, Kenya ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru, waziri wake Oginga Odinga alifika Atlanta katika ziara yake ya Marekani. Vijana wa SNCC walikwenda kumsalimu hotelini, kisha wakaingia mgahawa uliokuwa jirani. Walikataliwa huduma, wakagoma kutoka, wakakamatwa. Kisa hicho walikitungia wimbo wenye jina la Odinga, ukaimbwa katika mikutano yao Kusini. Ilikuwa rahisi kwao kuona kilichokuwa kinauma: waziri wa Kiafrika hupokelewa hotelini, na raia mweusi wa Atlanta hanunui kikombe cha kahawa mlango wa pili.

Kiangazi cha 1964 SNCC na washirika wake waliwaita wanafunzi wa vyuo, wengi wao weupe, waje Mississippi. Walikuja wapatao elfu moja, kila mmoja akitakiwa awe na dola 500 za dhamana iwapo atakamatwa. Juni 21 watatu walitoweka: James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner. Miili yao ilipatikana Agosti 4, imefukiwa ndani ya tuta la bwawa. Katika kipindi hicho watu weusi wapatao 17,000 walijaribu kujiandikisha, na makarani wakawakubali kama 1,600 tu. Ukihesabu kwa tarakimu hizo utasema walishindwa. Lakini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilipitishwa mwaka uliofuata, na kufikia 1967 walioandikishwa Mississippi walikuwa wamepanda kutoka takribani asilimia 7 hadi karibu 60.

Jambo jingine lililobebwa kutoka Mississippi ni nguo. Vijana wa SNCC walikuwa wameacha suti na kuvaa ovaroli za jinzi za wakulima waliowapa malazi majumbani mwao. Wanafunzi weupe waliporudi makwao walirudi na jinzi zilezile, na mavazi ya mkulima maskini mweusi yakaanza kuwa sare ya kijana mwasi.

Mmoja wao alikuwa Mario Savio, aliyefundisha huko McComb, Mississippi, katika mojawapo ya “shule za uhuru” za kiangazi hicho. Aliporudi Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuta uongozi umepiga marufuku meza za kuchangisha fedha na kugawa vipeperushi vya siasa. Oktoba 1, 1964, polisi walimkamata Jack Weinberg kwenye meza ya haki za kiraia, wakamtia garini. Wanafunzi wakaketi kulizunguka gari. Lilikaa palepale saa 32, Weinberg akiwa ndani, huku wasemaji wakipanda juu yake kwa zamu. Savio alivua viatu kwanza, asilikwaruze. Somo la Lawson, kuketi na kutopiga, lilikuwa limefika California.

Wanawake nao walibeba chao. Mwaka 1965 Casey Hayden na Mary King, weupe wawili wa SNCC, waliwaandikia wanawake wenzao wa harakati waraka uliouliza kwa nini watu wanaopigania usawa bado wanamwachia mwanamke kupiga chapa na kupika. Waraka ulipita mkono kwa mkono, na ukawa miongoni mwa mbegu za vuguvugu la ukombozi wa wanawake.

Basi mwaka 1967 mahipi walipofurika mtaa wa Haight-Ashbury, San Francisco, walikuta njia imekwisha kufyekwa. Nawaheshimu kwa kuikataa vita ya Vietnam na kwa kuthubutu kuuliza maisha ni ya nini. Lakini wengi walikuja kutafuta raha bila kazi, na kabla ya vuli mtaa ulijaa njaa, magonjwa na dawa za kulevya. Oktoba 6 wakazi wenyewe walifanya maziko ya kuigiza, wakabeba jeneza la “hipi”. Kilichosalia ni kilichokuwa na kazi: zahanati ya bure iliyofunguliwa Juni mwaka huo na daktari David Smith, ambayo iliendelea kutibu watu kwa miaka mingi baada ya shanga kuchakaa.

Na Bob Moses? Mwaka 1966 alipewa amri ya kujiunga na jeshi ingawa umri wake ulikuwa umepita kiwango. Alikimbilia Kanada, kisha mwaka 1969 yeye na mkewe Janet wakahamia Tanzania. Walifundisha Same, chini ya milima ya Upare, mpaka 1976. Mtu aliyetafutwa na serikali yake alikuwa ubaoni akiwafundisha hisabati vijana wa Kitanzania.

Aliporudi Marekani aligundua kwamba shule ya binti yake, huko Cambridge, Massachusetts, haikuwa na somo la aljebra, na aliona mtoto asiye na aljebra amefungiwa nje ya kazi za kesho kama mkulima mweusi wa Mississippi alivyofungiwa nje ya kura. Akaanzisha Mradi wa Aljebra. Hakuanza na kanuni. Aliwachukua watoto wakapanda treni ya chini ya ardhi, wakachagua kituo kimoja kiwe sifuri, wakahesabu vituo vya kwenda upande huu na upande ule. Darasani walichora safari yao, wakaisimulia kwa lugha ya mtaani kwao, kila mtu kwa zamu, mwalimu akinyamaza na kungoja. Hesabu za chanya na hasi zilikuja mwisho, kutoka katika maneno yao.