Mwalimu wa elimu maalumu anapohamia Bujumbura: Nani atamwajiri?

Na Mwandishi wa Biashara, Bujumbura

MFANYABIASHARA mdogo anayevuka mpaka wa Manyovu kutoka Kigoma na bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia cheti cha uasili wa bidhaa kilichorahisishwa, akaingia Burundi bila kutozwa ushuru wa forodha. Mwalimu wa watoto wenye ulemavu anayevuka mpaka huo huo na stashahada yake mkobani hana karatasi ya namna hiyo. Utaalamu wake nao ni huduma inayouzwa nje ya nchi, lakini njia yake ni ndefu zaidi.

Makala haya yanaeleza njia hiyo ikoje, na kwa nini wengi huianza kwa kinyume: wanahama kwanza, wanatafuta mwajiri baadaye.

Tuchukue mfano wa Gasenyi, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura ilipo ikulu ya Ntare Rushatsi, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 2019. (Wasafirishaji wasiuchanganye na Gasenyi ya mpakani inayotazamana na Nemba ya Rwanda, mpaka ambao Burundi iliufunga Januari 2024.) Tuseme familia ya Kitanzania imepanga nyumba hapo. Mume ameajiriwa na kampuni ya usafirishaji. Mke alisomea elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, na amefundisha watoto wenye ulemavu wa akili kwa miaka minane. Arusha mishahara ilikuwa miwili. Bujumbura uko mmoja, na kodi ya nyumba haingoji.

Itifaki inatoa nini

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 1, 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja ilisainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010. Ibara ya 10 inamruhusu raia wa nchi mwanachama kuomba kazi na kukubali ajira katika nchi nyingine. Inampa mfanyakazi haki ya kuambatana na mwenzi wake na mtoto wake, na mwenzi huyo naye anaruhusiwa kuajiriwa au kujiajiri. Kwa hiyo mke wa mfano wetu hakuingia kwa mlango wa nyuma. Anatambuliwa na Itifaki.

Lakini kuna mambo mawili ambayo wengi hawayasomi.

La kwanza ni kwamba Ibara hiyo haihusu ajira katika utumishi wa umma, isipokuwa pale sheria za nchi mwenyeji zinaporuhusu. Kwa mwalimu hili ni jambo kubwa, kwa sababu katika nchi nyingi za Jumuiya serikali ni mwajiri mkubwa wa walimu. Sehemu kubwa ya soko inaondoka mezani kabla hajaandika barua hata moja.

La pili ni mpangilio wa hatua. Chini ya kanuni za Itifaki, mwenye ajira ya zaidi ya siku 90 anaomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu aingie mkataba, na mamlaka inatakiwa kutoa kibali ndani ya siku 30. Maana yake mkataba ndio unaozaa kibali. Asiye na mwajiri hana cha kupeleka ofisini.

Vyeti: walimu hawamo

Ibara ya 11 ya Itifaki inazitaka nchi wanachama kutambuana vyeti vya elimu na vya taaluma. Utekelezaji umekwenda taaluma kwa taaluma. Wahasibu na wasanifu majengo walisaini makubaliano yao mwaka 2011, wahandisi mwaka 2012 na madaktari wa mifugo mwaka 2016. Walimu hawamo katika orodha hiyo. Mei 2017 wakuu wa nchi walitangaza Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu, hatua inayosaidia kulinganisha shahada za vyuo vikuu, lakini kulinganisha shahada si sawa na kumpa mtu ruhusa ya kufundisha.

Kwa sababu hiyo kila cheti hupimwa peke yake. Mwenye stashahada ya Patandi, ya Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya (KISE) iliyoanzishwa mwaka 1986, au shahada ya Chuo Kikuu cha Kyambogo cha Uganda, anatakiwa kuomba ulinganisho wa cheti chake kwa wizara yenye dhamana ya elimu nchini Burundi. Ni vema vyeti vithibitishwe kwanza na wizara ya mambo ya nje ya nchi yako na ubalozi wa Burundi, vikiwa na tafsiri ya Kifaransa iliyofanywa na mtafsiri anayetambulika. Kufanya hayo ukiwa nyumbani ni nafuu kuliko kufunga safari ya kurudi kwa ajili ya muhuri mmoja.

Usisahau orodha ya masomo uliyosoma na saa za mazoezi ya vitendo. Neno "elimu maalumu" peke yake halimwambii mwajiri kama ulifundishwa kuhudumia viziwi, wasioona, wenye usonji au wenye ulemavu wa akili.

Lugha si jambo la pembeni

Mhasibu anaweza kufanya kazi kwa tarakimu huku akijifunza lugha taratibu. Mwalimu wa elimu maalumu hana nafasi hiyo. Nchini Burundi watoto huanza shule kwa Kirundi, kisha Kifaransa kinachukua nafasi kubwa kadiri madarasa yanavyopanda. Kiingereza kilifanywa lugha rasmi mwaka 2014, na Kiswahili utakisikia sana sokoni na katika mitaa kama Buyenzi. Lakini mtoto mwenye ulemavu wa akili hufundishwa kwa lugha anayoisikia nyumbani, na kwa familia nyingi lugha hiyo ni Kirundi.

Hata lugha ya alama haivuki mpaka kirahisi. Lugha ya Alama ya Kenya, inayotajwa katika Katiba ya mwaka 2010, si ile inayotumika Tanzania wala Uganda. Katika nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kifaransa, alama za shuleni zina asili ya Marekani, kutokana na kazi ya Andrew Foster, Mmarekani kiziwi aliyeanza kufungua shule za viziwi Afrika nchini Ghana mwaka 1957. Maandishi ya nukta nundu nayo yana vifupisho vya Kifaransa ambavyo aliyesomea vya Kiingereza au Kiswahili lazima ajifunze upya.

Uhitaji na anayelipa

Hapa ndipo hesabu nyingi zinapokosewa. Watoto wanaohitaji mwalimu kama huyu ni wengi. Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2014, na Januari 2018 ikatunga sheria yake ya kulinda haki hizo. Lakini katika uchumi, uhitaji si soko mpaka apatikane mtu wa kulipa. Swali la kuuliza basi ni hili: nani Bujumbura ana fungu la kumlipa mwalimu wa elimu maalumu?

Mbali na serikali, walipaji ni wa aina nne.

Wa kwanza ni vituo vya makanisa na vyama vya wazazi. Bujumbura ina majina yanayofahamika, kama Saint Kizito kwa watoto wenye ulemavu wa viungo, Akamuri kwa wenye ulemavu wa akili na Ephphatha kwa viziwi. Vituo vya aina hii kwa kawaida hutegemea michango na wafadhili, hivyo mishahara ni midogo. Mgeni hana sababu ya kugombea nafasi ya mwalimu wa kawaida ambayo Mrundi ataifanya vizuri zaidi kwa lugha yake. Nafasi yake iko kwenye kufundisha walimu wenzake mbinu anazozijua.

Wa pili ni shule zinazolipisha ada kubwa, zikiwamo za mitaala ya nje kama Shule ya Ubelgiji na Shule ya Ufaransa. Huko Kifaransa ni sharti. Zinazofundisha kwa Kiingereza humfaa zaidi aliyesomea Kenya, Uganda au Tanzania.

Wa tatu ni mashirika ya misaada. Hulipa vizuri zaidi, lakini mkataba hufuata mradi, na mradi una tarehe ya mwisho.

Wa nne ni familia zenyewe zinazolipa mwalimu wa nyumbani. Kazi hii hupatikana kwa kuambizana. Hata hivyo ni kujiajiri, na inahitaji kibali chake. Kuifanya kimyakimya ni kuhatarisha ukaazi wa familia nzima.

Faranga au dola

Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, kutoka takriban 2,100 hadi zaidi ya 2,800 kwa dola moja. Kufikia mwishoni mwa 2024 dola ilikuwa ikiuzwa mtaani kwa zaidi ya mara mbili ya bei rasmi. Kwa hiyo mkataba wa faranga unaoonekana mnono kwa bei ya benki unaweza kupungua nusu ukifika sokoni. Uliza kabla ya kusaini: mshahara unahesabiwa kwa sarafu gani, unalipwa kwa sarafu gani, kwa bei ipi, na utapitiwa upya lini.

Hatua kwa mpangilio

1. Thibitisha na kutafsiri vyeti ukiwa bado nyumbani.
2. Orodhesha walipaji, kisha waandikie kwa Kifaransa ukitaja ulemavu uliosomea.
3. Omba ulinganisho wa cheti mapema, hata kabla ya kupata mwajiri.
4. Pata mkataba wa maandishi, ndipo uombe kibali ndani ya muda.
5. Anza masomo ya Kirundi miezi kadhaa kabla ya kuhama.
6. Weka akiba ya matumizi ya miezi sita, ukihesabu mshahara mmoja tu.

Kwa Mrundi anayekwenda upande wa pili

Mambo si mepesi kwake pia. Kenya, kila mwalimu lazima asajiliwe na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), awe wa shule ya umma au ya binafsi. Tanzania, sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri aoneshe kwamba alimtafuta Mtanzania akamkosa, na awe na mpango wa kumwandaa mzawa kushika nafasi hiyo.

Makubaliano ya kutambuana vyeti kati ya walimu yangepunguza hatua mbili au tatu kati ya hizo. Mpaka hapo, mama wa Gasenyi afanye hesabu kwa walipaji waliopo: wiki hii apeleke vyeti wizarani, ajiandikishe darasa la Kirundi, kisha abishe hodi kwenye kituo kimoja akiwa na pendekezo la maandishi la kufundisha walimu wake kwa miezi mitatu.