Shofere anayebeba mpunga wetu avae nini?



Wakati tunakodi kamio, tunauliza mambo matatu: bei, siku ya kuondoka, na mifuko ngapi itaingia. Wengine wetu wanazunguka gari, wanapiga pneu teke, wanafunua bashi kuangalia kama haina matundu. Ni vizuri. Lakini ni nani kati yetu amekwisha kuangalia miguu ya shofere?

Tuseme ukweli. Kutoka Kailo mpaka Alunguli, mashofere wengi wanaendesha na babushi, zile za plastiki za kuendea kuoga. Konvuayeri naye yuko na kaptula na mayo ya mpira ya Maniema Union. Tumezoea kuona vile. Joto iko mingi, matope iko mingi, na babushi inasafishika mbio. Hatuandiki hapa ili mtu achekwe. Tunaandika sababu mpunga wa msimu muzima unakaa nyuma ya ule mguu, na mara nyingi juu ya mifuko kumekaa pia watu.

Tuanze na mguu wenyewe. Babushi imeshikwa na mguu mbele tu, kati ya vidole viwili. Nyuma, kisigino kiko huru. Shofere akiinua mguu kutoka pedali ya kuongeza mwendo ili akanyage freni, babushi inaweza kubaki nyuma, au kukunjika, au ukingo wake kuingia chini ya pedali ya freni. Hapo mguu unasukuma, lakini pedali haishuki. Katika njia ya sawasawa, kwa mwendo mdogo, shofere atavua babushi kwa hasira na maisha yataendelea. Lakini fikiri mahali tunapokwenda wote: kamio inafika Alunguli, imejaa, inashuka polepole kwenda kupanda bac ya kuvuka Lualaba. Mvua imenyesha, udongo unateleza, mbele kuna mama na beseni ya ndizi na vijana wa moto. Pale hakuna nafasi ya kutafuta babushi kwa mguu.

Wengine wanasema: "Basi mimi naendesha miguu wazi, ni muzuri zaidi." Kuna ukweli kidogo. Mguu mtupu unasikia pedali vizuri kuliko babushi. Lakini mguu wenye maji au mafuta unateleza juu ya chuma, na kukanyaga freni kwa nguvu zote na unyayo mtupu kunauma, kwa hiyo mtu anapunguza nguvu bila kujua. Tena, yule shofere atashuka mara kumi njiani, na chini kuna misumari, miiba, vipande vya chupa.

Na bota za mpira? Hapa watu wengi wanakosea, hata sisi tulikosea mwanzoni. Tulifikiri bota ndiyo jibu ya kila kitu. Bota ni ya matope: kuchimba pneu iliyozama, kuweka mbao chini, kuvuta kamba. Ndani ya kabini bota ni nzito na ni pana. Inaweza kukanyaga pedali mbili mara moja, na mguu hausikii kitu. Kwa kuendesha, kinachofaa ni kiatu cha kufunga, chenye kisigino kilichofunikwa, soli ya mpira isiyo nene sana, na kamba fupi zilizofungwa vizuri zisiningʼinie. Kiatu kilichokwisha kuvaliwa, kile cha soko, kinatosha kabisa kama soli haijawa laini. Shofere awe na vyote viwili: kiatu cha pedali na bota ya matope. Kabla ya kurudi kwenye usukani, abadilishe na apanguse soli na kitambaa.

Ile bota isiyovaliwa itakaa wapi? Nyuma ya kiti, au ifungwe. Isikae chini mbele ya shofere. Bota au chupa ya maji inayotembea kwenye sakafu ya kabini inaweza kwenda kukaa chini ya pedali ya freni, na hapo tumerudia tatizo lile lile la babushi.

Tuhamie kwenye motere. Kamio ikisimama njiani na boneti ikifunguliwa, kitu kinachozunguka pale mbele, feni na mkanda wake, hakiangalii kama ni shati au ni mkono. Shati lisilofungwa vifungo, kitambaa cha shingoni, mkufu, kamba ya simu: vyote vinaweza kukamatwa. Chini ya gari kuna ule mti mrefu wa chuma unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, nao ni hivyo hivyo. Nguo nzuri kwa kazi hiyo ni salopeti au suruali ndefu na shati la mikono mirefu, vya pamba, vinavyokaa karibu na mwili. Pamba tunaisisitiza. Mayo ya mpira imetengenezwa na nyuzi za plastiki. Ikigusa bomba la moshi lenye moto, inayeyuka na kushikamana na ngozi. Maniema Union tunaipenda wote, mayo yake ibaki ya siku ya mechi.

Pete na saa ya chuma zivuliwe kabla ya kugusa batri. Kamio kubwa nyingi zina batri mbili zilizounganishwa, volti 24. Pete ikigusa chuma mbili kwa mara moja inakuwa nyekundu kama makaa, na haitoki kwenye kidole. Tena maji ya batri ni asidi. Ikimwagika kwenye ngozi au machoni, osha mara moja na maji mengi, na usiache upesi.

Radiateri ndiyo inaunguza wengi. Motere ikiwa na moto, maji ya ndani yamefungwa kwa nguvu na yanaweza kupita digri 100 bila kutoka. Ukifungua kifuniko, yanaruka yote usoni. Dawa ya kwanza hapa si nguo, ni kungoja mpaka motere ipoe. Lakini hata baada ya kungoja, mikono mirefu, kitambaa kinene juu ya kifuniko, na uso ugeuzwe pembeni. Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi dakika 20. Msipake dawa ya meno wala mafuta ya mawese, maana vinafunga joto ndani. Kisha apelekwe kituo cha afya.

Usiku ni habari nyingine. Kamio ikiharibika gizani, tunakata matawi na kuyaweka barabarani nyuma yake. Ni desturi nzuri, lakini tawi haliangazi. Moto yenye taa moja dhaifu inaliona tawi ikiwa imekwisha kulifikia, na konvuayeri mwenye shati jeusi, aliyeinama kwenye pneu, haionekani kabisa. Jile yenye mikanda inayorudisha mwanga inaonekana kutoka mbali. Rangi ya njano au machungwa inasaidia mchana; usiku ni ile mikanda ndiyo inafanya kazi. Jile iliyofuliwa mara nyingi inaweza kuwa na rangi nzuri na mikanda iliyokufa. Ijaribuni hivi: usiku mtu aivae, asimame hatua 30, nawe shika toroshi karibu na jicho lako na umulike. Kama mikanda haiwaki, hiyo ni nguo tu.

Kuna jambo moja linalogusa mfuko wetu moja kwa moja. Mpunga na mchele vinachukua harufu. Konvuayeri aliyelala chini ya gari, shati limelowa mazuti, akibeba mfuko begani na shati lile lile, mnunuzi wa Kindu atanusa. Atashusha bei au atakataa. Kwa hiyo konvuayeri awe na shati la pili, au hata gunia safi la kuweka begani, kwa kupakia na kushusha tu.

Sasa, nani alipe? Swali hili linaleta kelele katika mikutano. Mwenye kamio anasema ni kazi ya shofere, shofere anasema mshahara ni mdogo, na koperative inasema kamio si yetu. Maoni yetu ni haya: viatu ni vya shofere na mwenye gari, sababu kila mtu na kipimo cha mguu wake. Jile mbili na glovu zinaweza kuwa mali ya koperative. Tufanye mfano: kamio ikibeba mifuko 80, na kila mwanamemba akitoa franka 500 kwa mfuko, ni franka 40.000 kwa safari moja. Ulizeni bei sokoni Kindu, mtaona ni safari ngapi zinahitajika. Jile ziandikwe namba kwa rangi isiyofutika, zikae depo, na mlinzi wa depo aandike katika kaye nani amechukua na siku gani amerudisha. Bila kaye, jile zitakwenda kuvaliwa na vijana wa moto, mnajua wenyewe.

Katika karatasi ya makubaliano na mwenye kamio, ongezeni mstari mmoja: "Shofere atafika kupakia akiwa amevaa viatu vya kufunga, bota zitakuwa nyuma ya kiti." Uandikwe kabla ya avansi kutolewa. Baada ya avansi hakuna anayesikiliza.

Na siku ya kupakia, kama amefika na babushi, asitukanwe mbele ya watu. Mzee mmoja wa koperative amwite pembeni: "Papa shofere, karibu. Viatu ya njia iko wapi?" Mara nyingi viko ndani ya kabini, anavitunza vya kuingia navyo mjini. Avivae hapo hapo, ndipo mfuko wa kwanza upande.