Kalamu ya Kutilia Sahihi

Wengi wetu hununua kalamu bila kuwaza. Unaingia dukani, unatoa shilingi 20 au 30, unapewa biro, unaenda zako darasani. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka likizo ya Desemba nilipomaliza kidato cha pili, nilipoyageuza mapatano ya baba kuwa karatasi isiyo na maana. Ndiyo sababu leo nataka kueleza namna ya kuchagua kalamu ya kutilia sahihi karatasi za biashara: mapatano, stakabadhi, ankara na hundi. Iwe ya bei nafuu, na isifanane na ya kila mtu. Msicheke, jambo lenyewe si dogo.

Baba ana kinu cha kusagia mahindi. Mwaka huo alikuwa amekodi chumba kipya sokoni na kulipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Siku ya kuandikiana nikajitia ujuaji. Nilikuwa na kalamu mpya ya jeli, wino mweusi tititi, na mkiani ina kifutio. "Baba, tumia hii, sahihi itapendeza." Mapatano yalikuwa yamepigwa chapa tayari, basi wakatia sahihi wote wanne: baba, mwenye nyumba na mashahidi wawili. Kwa kuwa mvua zilikuwa zinanyesha, mama akanituma niipeleke karatasi saiba ikatiwe plastiki, ile kazi ya laminesheni. Ilipotoka mashinini, maneno yaliyopigwa chapa yalikuwa pale pale, lakini sahihi zote nne zilikuwa zimetoweka! Nikaiweka kabatini, nikanyamaza. Naam, nilinyamaza, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Muhula wa kwanza haujafika katikati, mwenye nyumba akadai kwamba alilipwa miezi sita tu. Baba akaitoa karatasi mbele ya mzee wa mtaa. "Sahihi ziko wapi?" Stakabadhi nyingine hakuwa nayo. Alikuja shuleni siku ya kutembelewa akiwa na karatasi hiyo ndani ya gazeti, hata soda niliyomnunulia hakuinywa. Nikamweleza yote, kisha tukaenda kwa mwalimu wa kemia.

Mwalimu alicheka kwanza, halafu akatueleza. Wino wa kalamu zile hauondoki kwenye karatasi, bali rangi yake hujificha ikipata joto. Kifutio kile hakikwangui chochote. Kinasugua mpaka karatasi ipate joto la kama nyuzi 60, na rangi hupotea. Mashine ya kutia plastiki hupita nyuzi 100, basi sahihi zingeponea wapi? Hata karatasi iliyosahauliwa ndani ya gari lililoegeshwa juani inaweza kupatwa na hayo. Lakini wino huo ukipozwa sana, kuanzia nyuzi 10 chini ya sifuri hadi 20, rangi hurudi.

Baba akaenda kwenye bucha moja kuomba karatasi yake ilale ndani ya friza. Mwenye bucha alimwona kama mtu aliyepungukiwa. Asubuhi sahihi zilikuwa zimerudi, hafifu lakini zasomeka. Mwenye nyumba alipoiona yake alikohoa kidogo, kisha akakumbuka kwamba kweli ilikuwa miezi 12. Wakaandikiana upya siku hiyo hiyo, kwa biro ya mzee wa mtaa.

Tangu hapo nimekuwa mchunguzi wa kalamu. Kwa ruhusa ya mwalimu nilichora mistari kwa kalamu nne, nikaiacha ikauke siku nzima, kisha nikaitesa kwa maji, spiriti na pasi ya moto. Kalamu ya nibu yenye wino wa buluu unaooshika ilishindwa na maji tu. Mstari ukawa wingu. Biro ilistahimili maji vizuri kwa sababu wino wake umechanganywa na mafuta, lakini spiriti iliuyeyusha na kuutapakaza. Hapo ndipo matapeli wa hundi hupitia: huosha jina na kiasi cha pesa, wakaandika vyao. Kalamu ya jeli ambayo pakiti yake ilisema wino una chembe za rangi zisizoyeyuka ilishinda maji na spiriti pia, maana chembe hizo hunasa katika nyuzi za karatasi. Ile ya kufutika mnajua ilivyokwenda.

Je, sote tukimbilie jeli? Hapana, ngojeni. Biashara zetu nyingi bado hutumia vitabu vya stakabadhi vyenye kaboni, na kaboni hutaka mtu akandamize. Jeli na nibu huteleza juu juu. Nakala ya chini inatoka nyeupe, au nibu inapanuka na kuharibika. Kwa kaboni hakuna kama biro. Ushauri wangu basi ni huu: biro kwa stakabadhi na ankara, jeli ya chembe kwa hundi na mapatano. Mwenye uwezo wa kununua moja tu achukue biro, na aihifadhi karatasi yake vyema.

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, niseme kidogo kuhusu hili neno biro. Latokana na László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria, aliyepewa hataza ya kalamu yake mwaka 1938 kisha akahamia Argentina. Mfaransa Marcel Bich ndiye aliyeifanya kuwa ya watu wote kwa Bic Cristal ya mwaka 1950, jina la Bic likiwa ni lake mwenyewe bila ya herufi h.

Rangi nayo ina maneno. Nyeusi hutoka safi kwenye fotokopi. Buluu humsaidia mtu kuitambua karatasi asilia isichanganywe na nakala, na mimi naipendelea kwa sahihi. Nyekundu tuwaachie walimu wetu. Mkuu wa majasusi wa Uingereza hutia sahihi kwa wino wa kijani, lakini yeye hana risiti za unga wa posho.

Sasa kuhusu kutofanana na ya kila mtu. Kalamu ya ofisini haina mwenyewe. Ikiazimwa imekwenda, na kesho unatia sahihi kwa chochote kilicho karibu, mstari leo mnene kesho mwembamba. Watu hufikiri dawa yake ni kalamu ya dhahabu. Kumbe dawa ipo katika masoko ya vitu vya Kimaasai: biro ya kawaida iliyovishwa shanga. Mafundi huweza hata kukushonea jina lako. Angalia tu kwamba shanga hazikuziba njia ya wino, kwa sababu wino ukiisha unauvuta mrija wa ndani pamoja na ncha yake, unatia wa biro nyingine ya shilingi 20, na kalamu yako ni ile ile miaka nenda miaka rudi. Tena haiibiki kwa urahisi. Mwizi ataitoa wapi mbele ya watu, na jina la mwenyewe limeandikwa kwa shanga nyekundu?

Nilimnunulia baba mmoja wa hizo kwa pesa zangu za matumizi, nyeupe na buluu. Huiweka katika mfuko wa shati, upande wa kushoto. Ukimwomba kalamu atakupa ile nyingine, iliyo mfuko wa suruali.