Suti ya jasusi na kijana wetu: tuchukue nini, tuache nini?

Katika miezi ya harusi, mafundi cherehani wa mitaani kwetu huletewa ombi linalofanana. Kijana hutoa simu mfukoni, huonyesha picha ya mtu aliyevaa suti ya rangi ya kijivu, shati jeupe na tai nyembamba, kisha husema: "Nishonee kama hii." Mtu huyo wa pichani mara nyingi ni James Bond, jasusi wa Kiingereza ambaye hajawahi kuishi popote isipokuwa vitabuni na katika filamu.

Mzazi akilisikia jina hilo hushituka, na anayo sababu. Bond hunywa pombe, hucheza kamari, na mwenendo wake na wanawake haufai kusimuliwa mbele ya watoto. Kijana naye hujibu kwamba anataka suti tu, tabia haitaki. Mvutano unapokuwa mkali, mara nyingi huwa umekwisha kugusa jambo zito zaidi, nalo ni fedha. Bwana harusi mtarajiwa hukopa ili anunue suti yenye jina kubwa, ilhali mahari hayajakamilika na chumba cha kuishi hakijalipiwa kodi.

Sisi tunaona kwamba mzazi na kijana wote watanufaika wakiijua asili ya suti ile. Uzuri wake hautokani na jina la duka, wala hautokani na tabia ya mvaaji. Unatokana na kipimo, na kipimo hupatikana hata kwa fundi wa mtaani.

Jina la kawaida, nguo za kawaida

James Bond alibuniwa na Ian Fleming, mwandishi wa Kiingereza aliyewahi kutumika katika idara ya ujasusi ya jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kitabu chake cha kwanza kuhusu Bond, Casino Royale, kilitoka mwaka 1953. Jina la mhusika huyo alilichukua kwa mtaalamu wa ndege wa Marekani aliyeandika kitabu kuhusu ndege wa visiwa vya Karibi. Alilichagua kwa kuwa lilikuwa jina fupi, la kawaida, lisilo na madoido.

Mavazi nayo aliyachagua kwa namna hiyohiyo. Bond wa vitabuni huvaa suti ya buluu iliyokoza, shati jeupe, tai nyeusi ya kufumwa na viatu vyeusi visivyo na kamba. Nguo zake ni chache, na rangi zake hazizidi mbili au tatu. Hana nakshi, hana vito, hana kitu cha kumfanya mtu ageuke njiani. Kwa jasusi jambo hilo lina maana, kwani kazi yake ni kupita bila kutazamwa. Anayevaa ili atazamwe na kila mtu hajamwiga Bond wa Fleming, bali amekwenda kinyume chake.

Kijana aliyebeba maziwa

Filamu ya kwanza katika mfululizo huu, Dr. No, ilitoka mwaka 1962, na mhusika mkuu aliigizwa na Sean Connery. Connery hakuzaliwa katika utajiri. Alitoka katika familia ya wafanyakazi wa mji wa Edinburgh, huko Scotland. Baba yake alikuwa dereva wa lori, mama yake alifanya kazi ya usafi, na yeye mwenyewe katika ujana wake alisambaza maziwa majumbani. Alikuwa pia mtu wa mazoezi ya kujenga mwili, mwenye kifua kipana na kiuno chembamba, umbo ambalo suti ya dukani haiwezi kulikaa vizuri.

Mwongozaji wa filamu hiyo, Terence Young, alikuwa mtu mzima aliyejua kuvaa. Alimchukua Connery akampeleka kwa fundi wake mwenyewe, Anthony Sinclair, aliyekuwa na duka katika mtaa wa Conduit, London, jirani na mtaa maarufu wa mafundi wa suti wa Savile Row. Inasimuliwa kwamba Young alimtaka Connery alale na suti mwilini, ili aizoee na aache kuivaa kama mtu aliyeazima.

Sinclair hakushona maajabu. Koti lilikuwa la mabega laini, lenye nafasi ya kutosha kifuani, lililobanwa kidogo tu kiunoni. Suruali ilikuwa na marinda mbele ili mtu aweze kukaa na kuinama bila taabu, na pembeni ilikuwa na vijikanda vidogo vya vishikizo, kwa hiyo haikuhitaji mkanda. Shati lilifungwa mikononi kwa vishikizo vya kawaida badala ya vile vya madini, na tai ilikuwa ya buluu iliyokoza isiyo na mchoro wowote. Imepita zaidi ya miaka 60, na mtu akiivaa suti hiyo leo katika ofisi yoyote hataonekana kichekesho.

Hapa pana somo kwa kijana anayedhani kuwa umaridadi ni wa kuzaliwa nao au wa kununua. Ule uliowavutia watu duniani kote ulifundishwa. Ulikuwa kazi ya mkubwa aliyemshika mkono mdogo, na ya fundi aliyepima kwa subira.

Kilichochakaa na kilichobaki

Si kila alichovaa Bond kilidumu. Katika miaka ya 1970 jasusi huyo aliigizwa na Roger Moore, na nguo zake zikafuata upepo wa wakati ule: kosi pana, suruali za bugaluu na makoti ya safari. Wazee wetu hawakuhitaji filamu ili waijue suti ya mtindo wa safari. Walikuwa nayo tayari, wakaiita suti ya Kaunda, kwa jina la rais wa kwanza wa Zambia, na wengi waliivaa kwa heshima kubwa maofisini. Lakini bugaluu lilikuja na kupita, na waliolishonea fedha nyingi walilikunja wakaliweka sandukuni.

Mwaka 2012, katika filamu ya Skyfall, Daniel Craig alivaa suti fupi na za kubana sana. Vijana wengi waliiga mkato huo, na wapenzi wengi wa suti wakaulalamikia, kwa sababu koti linalovutika kwenye kishikizo ni koti dogo, hata likiwa la gharama kubwa. Kila mara jasusi huyu alipofuata mitindo, nguo zake zilizeeka upesi. Zilizobaki ni zile zilizofuata mwili wa mvaaji.

Ambacho filamu haikuonyeshi

Kijana anapaswa kujua pia kwamba anaitazama bidhaa iliyopangwa. Katika filamu za namna hii, suti moja hushonwa nakala nyingi. Ikichafuka au ikichanika katika purukushani, mwigizaji huvalishwa nyingine inayofanana nayo kabisa. Kwa hiyo suti ya Bond haina kikwinyo hata akitoka majini, na kijana mwenye suti moja, jua kali na daladala asijilinganishe naye.

Tena, kampuni za saa, magari na vinywaji huingia mikataba ili bidhaa zao zionekane. Tangu mwaka 1995 Bond amevaa saa za Omega, na kampuni hiyo huzitangaza kwa jina lake. Hapo filamu imekuwa dirisha la duka. Anayekopa ili anunue saa ile amelinunua tangazo, na deni limebaki kwake.

Kipimo cha safuni

Sasa tuje kwetu. Suti si vazi geni kwa Waislamu. Walimu, mawakili na madaktari wetu huivaa kila siku, na katika mwambao wetu koti juu ya kanzu ni vazi la heshima tangu zama za mababu. Kanuni za kipimo ni zilezile kwa suti na kwa koti la kanzu.

Kwanza tazama mabega. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Hili ndilo la kuangalia hata kwenye mitumba, kwa sababu kiuno, mikono na pindo fundi huvirekebisha kwa urahisi, lakini bega likiwa kubwa au dogo ni afadhali kuliacha koti hilo hukohuko. Pili, mkono wa koti uishie kwenye kifundo, na shati lichungulie kiasi cha upana wa kidole. Tatu, urefu wa koti ufunike sehemu ya kukalia. Hiyo ndiyo kanuni ya zamani ya mafundi wa London, nayo inapatana vyema na sitara yetu.

Baada ya hapo, usimalizie mbele ya kioo. Ukiwa bado kwa fundi, rukuu, kisha sujudu. Sisi tunaosimamia shughuli za msikiti tunaona kila Ijumaa vijana waliopendeza wakiwa wima, lakini wakisujudu shati hupanda mgongoni na suruali hushuka au hubana hadi umbo lote likaonekana. Nguo isiyoweza kusujudu haijapimwa sawasawa. Suruali yenye marinda na nafasi, kama ile ya mwaka 1962, hulimaliza tatizo hili. Viatu visivyo na kamba navyo vinamfaa sana mtu anayevua na kuvaa mara tano kwa siku. Mradi soksi ziwe safi na zisiwe na tundu.

Yapo ya kuacha. Bond wa vitabuni alivaa hariri, nasi wanaume tumekatazwa hariri na dhahabu. Tai ya pamba au ya sufi inatosha, na saa ya chuma husema wakati uleule. Sifa ya kuogopwa, kunywa na kuharibu nyumba za watu, hiyo haikushonwa na Sinclair. Ilitiwa na waandishi, na inaweza kubaki kwao.

Kwa mzazi tuna ombi moja. Kijana wako akikuletea picha ya jasusi, usiitupe simu wala usimwachie aende peke yake dukani. Mpeleke kwa fundi wako, yule aliyekushonea wewe. Kaeni pamoja mchague kitambaa cha buluu iliyokoza au kijivu, mkubaliane bei isiyogusa mahari wala walima, na umfundishe kupiga pasi na kutundika koti. Suti moja ya namna hiyo itamvusha katika nikaha, katika usaili wa kazi na katika Idi nyingi zijazo, naye hatabaki na deni la mtu.

Wabillahi taufiq.